Mzigo wa Mlangoni

Hospitali nzima ilimwita Mzee Fyuzi, na jina hilo hakupewa kwa kuwa alikuwa fundi wa umeme. Alipewa kwa ajili ya hasira zake. Zilikuwa zikiwaka mara moja, pa!, halafu giza, halafu kimya, na baada ya hapo kazi inaendelea kama vile hakuna kilichoungua. Binti yake alirithi jina pamoja na kazi. Siku hizi ana mvi juu ya masikio, funguo za karakana kiunoni, na miwani mbili, moja ya kuonea watu na nyingine ya kuonea waya. Hata hivyo kwenye veranda za hospitali bado ni Binti Fyuzi, na atakuwa Binti Fyuzi mpaka siku watakapomzika.

Karakana yao iko nyuma ya chumba cha dobi, kwa hiyo ukuta wake mmoja una joto mwaka mzima na harufu ya sabuni haiishi. Upande wa pili, chini ya paa la bati, umesimama mtambo wa oksijeni: minara miwili ya chuma, mirefu kuliko mtu, inayopokezana kazi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mmoja unachuja hewa, mwingine unapumzika na kujisafisha. Vali zinafunguka na kujifunga, psh, psh, na kutoka hapo bomba jembamba linapanda ukutani mpaka wodi ya watoto. Waliozaliwa kabla ya siku zao wanapumua kwa bomba hilo. Mama zao hawalijui. Wanakiona kijibomba cha plastiki puani mwa mtoto, basi, na hawaulizi kilikoanzia, kama sisi sote tusivyouliza pumzi yetu ilikoanzia.

Ubongo wa mtambo huo, yaani kisanduku kinachoamua vali ipi ifunguke na king'ora kilie lini, uliungua zamani, na waliouuza hawakuwa tena na mwingine wa aina ile. Mzee Fyuzi akatengeneza wake. Programu ya kuuendesha aliiandika mwenyewe, ameinamia kompyuta ya karakana, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuchora. Maandishi ya programu hiyo, yale ambayo binadamu anaweza kuyasoma, yalibaki ndani ya kompyuta ile. Kisha bomba la dobi likapasuka, maji yakapita chini ya mlango na kuikuta kompyuta sakafuni. Baba hakushtuka. "Yamo humu," alisema, akijigonga kipaji cha uso.

Haukupita muda mrefu tangu astaafu, kichwa nacho kikapasukiwa na bomba lake. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na njia za maneno.

Maneno yenyewe hayakupotea, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulieleza kwa wageni. Ukimwamkia "Shikamoo, baba," jibu lilitoka safi, kwa sauti ile ile ya zamani: "Marahaba." Ukimuuliza anataka chai, alisema ndiyo. Ukimuuliza kama hataki chai, alisema ndiyo. Na mara nyingi, katikati ya mchana wenye jua la kupasua mawe, alitazama ukuta na kusema, "Kuna baridi." Mkwewe, mke wa kaka yake Binti Fyuzi, alikuwa akiacha kila kitu na kukimbilia blanketi. Mzee analisukuma kwa mkono mzima. Analetewa koti, analitupa. "Kuna baridi," anasema tena, na safari hii machozi yanamlengalenga.

"Wifi, mimi nimeshindwa," mkwe alimwambia Binti Fyuzi jioni moja, akikunja blanketi. "Anaagiza, unampa, anakataa. Mtoto mchanga ana nafuu, yeye analia kwa sababu."

"Amezoea kuagiza."

"Aagize kitu kimoja basi! Na mlangoni kwake je, umepaona? Leo ameweka kikombe. Jana betri ya redio. Juzi kandambili moja, moja tu, wifi, tena ya kushoto. Anaisukuma kwa fimbo mpaka kizingitini halafu ananitazama. Ananitega huyu mzee. Siku moja nitavunjika kiuno, mtuuguze wote wawili."

Binti Fyuzi alicheka, akaokota kikombe kizingitini na kukirudisha jikoni. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Katika nyumba ile, maneno ya baba yalikuwa amri tangu wakiwa wadogo. Alipochungulia nje na kusema mvua itanyesha, wao walikimbia kuanua nguo. Alipokaa na kusema amechoka, mmoja alimvua viatu, mwingine alileta maji. Haikuwahi kumpitia yeyote akilini kwamba huenda mtu huyo, mara moja moja, alikuwa akisema tu.

*

Kilichokufa kwenye mtambo kilikuwa kihisi, kidude kidogo cha ukubwa wa kidole gumba kinachoonja hewa inayotoka na kuuambia ubongo ina oksijeni kiasi gani. Kikiwa kizima, hewa ikiwa nyepesi king'ora kinalia na sista anabadili bomba kwenda kwenye mitungi ya akiba. Kipya kilipatikana, lakini si cha aina ile. Hiki kilionja vizuri, ila kilisema kwa kipimo kingine, na programu ya Mzee ilikuwa inajua lugha ya kihisi cha zamani tu.

Mhandisi wa hospitali, mtu mrefu mwenye sauti ya chini na tabia ya kufuta mikono hata isipokuwa michafu, alisimama mbele ya minara akaisikiliza kwa muda. Kisha akaizima. Psh ya mwisho ikatoka, na ukuta wa dobi ukasikika ukinguruma peke yake.

"Dada, nauzima mpaka hapo tutakapojua."

"Tutakapojua nini?"

"Kilichomo ndani. Ile programu. Mimi siwezi kuwapumulisha watoto kwa kitu ambacho hakuna mtu aliye hai anaweza kukisoma."

Binti Fyuzi aligeuka akamtazama. Mhandisi akasikia alichokisema, akafuta mikono.

"Samahani. Sikuwa na maana ya Mzee."

"Mzee yu hai."

"Najua, dada. Jumapili nilipita kumwona. Aliniambia ndiyo mara nyingi sana." Akatazama chini. "Mtambo mwingine unakuja, lakini utakuja lini, Mungu ndiye ajuaye. Huu watu wa kuubomoa wanakuja Ijumaa. Nikiwaambia wasije, lazima niwe na sababu ya kusimamia. Nisomee programu hiyo, uniwekee kihisi kipya, tuupime mbele ya sista wa wodi. Hapo nitawaambia warudi walikotoka."

Wodi iliishi kwa mitungi iliyoletwa na lori. Sista mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, aliunganisha watoto wawili wawili kwenye mtungi mmoja kwa bomba lenye panda. "Mitungi hii kama wageni," alimwambia Binti Fyuzi walipokutana kwenye ngazi. "Hujui itafika lini, na ikifika kazi yako ni kutazama inavyojiandaa kuondoka. Nirudishie mtambo wa baba yako, mwanangu. Ule ulikuwa mtu wa nyumbani."

*

Kuisoma programu ambayo maandishi yake yamepotea ni kazi ya kufumua. Faili lile ambalo mashine inaliendesha halina neno hata moja. Ni namba, safu kwa safu, zimekaa kimya kama mbegu kwenye gunia. Nyingine ni maagizo: chukua, jumlisha, linganisha, ruka uende pale. Nyingine ni data: vipimo, majedwali, vitu ambavyo maagizo yanavitumia. Na hapo ndipo penye ugumu wote, kwa sababu namba hazina sura. Namba mia mbili na tano inaweza kuwa agizo lisemalo "nenda kamwite fulani, kisha urudi." Namba hiyo hiyo inaweza kuwa kipimo cha joto. Ukiitazama ilivyokaa hutajua, kama usivyoweza kujua kwa kutazama tu kama mtu aliyesimama barabarani anangoja mtu au amepotea.

Ipo programu ya kufumua. Unaipa namba, inakurudishia maagizo. Lakini kifumuzi hakina aibu: ukikipa data kitakusomea maagizo pia, moja baada ya jingine, yenye adabu zote, ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote. Kwa hiyo mafundi wana kanuni moja, na kanuni hiyo baba yake ndiye aliyemfundisha. Usitazame namba, fuata njia. Anzia pale mashine inapoanzia ikiwashwa, itembee kama inavyotembea yenyewe, ruka inaporuka, nenda inapoitwa na urudi inaporudi. Panapokanyagwa ni maagizo. Pasipokanyagwa, pashuku.

Alifanya kazi hiyo nyumbani mchana, kompyuta juu ya meza ya sebuleni, mlango wa chumba cha baba ukiwa wazi. Alifuata njia. Aliona mkono wa baba kila mahali, na ilimuuma kuuona. Jinsi alivyozifungua vali, moja kwanza, kisha kungoja kidogo, kisha ya pili, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Jinsi alivyokagua jambo moja mara mbili, kwa njia mbili, kwa kutomwamini hata yeye mwenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kumwambia mwanawe "angalia usianguke" alikuwa amewaambia watoto wa watu, kwa namba, pole pole, angalia, angalia tena.

Kisha akafika mahali njia ilipoharibika. Mashine iliitwa mahali fulani, ikaenda, na iliporudi, mbele yake yalikuwa maagizo ya mlevi. Punguza hiki. Hamisha kile mahali pasipo na kitu. Linganisha, usifanye lolote na jibu. Ruka, kwenda katikati ya agizo jingine. Na baada ya hapo hata yaliyofuata yalikuwa yamekaa upande, kama msuko wa nywele ulioanzia pabaya ukapinda mpaka kisogoni.

Alivua miwani ya waya akavaa ya watu, akaichukua kompyuta mpaka kitandani.

"Baba, hapa ulikuwa unafanya nini?"

Mzee alitazama. Jicho lake la kushoto lilikimbia juu ya namba, likarudi, likakimbia tena.

"Ndiyo," akasema.

"Hii ni hesabu?"

"Ndiyo."

"Au ulichoka, ukakosea?"

"Ndiyo."

"Wifi," mkwe alisema kutoka mlangoni, bakuli la supu mkononi, "muulize kama wewe ni ng'ombe. Atakwambia ndiyo."

Walicheka wote wawili, na Mzee naye akacheka, kwa nusu ya mdomo. Kisha kicheko kikaisha na kila mmoja akabaki na chake. Mkwe akakaa ukingoni mwa kitanda na kumfuta mzee kidevu.

"Kuna baridi," Mzee alimwambia binti yake.

"Nitakuletea blanketi, baba."

Akaleta. Mzee akalisukuma.

Aliporudi mezani alikuwa na hasira, na hasira ile ndiyo iliyomwamulia. Alijiambia kwamba baba alizeeka akiwa kazini bila mtu kujua. Kwamba ameacha takataka katikati ya njia, vipande vya jaribio fulani alilosahau kulifuta. Fundi yeyote angesema hivyo, kwa sababu njia ilipita pale, na kama njia imepita ni maagizo, na kama ni maagizo basi ni maagizo mabovu. Akayafuta. Kwa mashine ya aina ile, sifuri ni agizo lisemalo "pita, usifanye kitu." Aliweka sifuri toka mwanzo wa kile alichokiita uchafu mpaka mwisho wake, kama mtu anayemwaga zege juu ya shimo. Kisha akaandika mwishoni mwa programu sehemu mpya ya kusoma kihisi kipya, akaipeleka karakana.

*

Walikutana watatu mbele ya meza: yeye, mhandisi na sista. Ubongo wa mtambo ulikuwa umefunguliwa, kihisi kipya kimeunganishwa kwa waya. Mhandisi alikipulizia kwanza oksijeni safi kutoka kwenye mtungi. Taa ya kijani ikawaka. Sista akapiga makofi mawili madogo.

"Ngoja," mhandisi alisema. Akafunga mtungi. Akafungua dirisha, akakishika kihisi kwa vidole viwili na kukitoa nje, kwenye hewa ya kawaida, ile yenye moshi wa magari na sabuni ya dobi.

Walingoja king'ora.

Taa ilibaki ya kijani.

"Hii ni hewa ya barabarani," mhandisi alisema taratibu.

Sista alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Binti Fyuzi alitazama taa ile ndogo, rangi yake nzuri, na akaona kimya kile cha king'ora kikipanda ukutani kwa bomba jembamba, kikiingia wodini, kikipita kwenye pua za watoto mmoja mmoja, na taa ikiendelea kusema yote ni salama.

"Ni mimi," akasema. "Niliyoyafuta. King'ora kilikuwa humo."

"Si ulisema ni uchafu?"

"Nilisema."

Mhandisi hakupandisha sauti. Alikirudisha kihisi mezani kwa uangalifu, kama yai. "Ndiyo maana tunapimia mezani, dada," alisema. "Nenda nyumbani ule. Kesho ni siku."

Sista alimsindikiza mpaka nje ya karakana. Alimtengenezea kola ya shati, akaondoka.

Binti Fyuzi alitembea kwa miguu. Mawingu yalikuwa yameshuka, upepo ulisukuma karatasi barabarani. Njiani aliirudisha programu kichwani kama ilivyokuwa, maagizo yale ya mlevi mahali pake, akayasoma tena na tena. Hayana maana. Na bila hayo mtambo ni kipofu. Basi yana maana. Lakini hayana. Aliwaza kwamba hivi ndivyo alivyo baba sasa, na kwamba Ijumaa watakuja watu wenye misumeno ya chuma kuikata sehemu yake ya mwisho ambayo bado ilikuwa inafanya kazi.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Kizingitini, katikati kabisa, palikuwa na mwavuli.

Mkwe alikuwa jikoni. Kutoka chumbani fimbo ya Mzee ilisikika ikigonga sakafu mara moja, kisha ikatulia. Binti Fyuzi aliinua mguu auvuke mwavuli. Mguu ukabaki hewani.

Asubuhi, alipokuwa akitoka, alimwambia baba: nakwenda kazini, nitarudi kula, halafu nitatoka tena. Ndiyo, baba alisema. Na sasa mvua inakuja, na amerudi, na mwavuli uko mlangoni.

Alishusha mguu upande huu wa kizingiti, na utoto wake wote ukamjia kwa mara moja. Baba hakupenda kurudia maneno. Alikuwa akikutuma, "Nenda kamwite fundi bomba," na wewe ukiwa njiani yeye anakuwekea mlangoni kitu utakachohitaji baadaye: spana, kitambaa, ndoo. Ukirudi hukuuliza. Ulikiokota kilichopo kizingitini, ukavuka, ukaendelea na kazi. Ole wako ukivuka bila kuokota. Ole wako pia ukikikanyaga. Mzigo wa mlangoni si sehemu ya njia. Umewekwa juu ya njia, lakini ni wa mkononi.

"Wifi!" aliita, na sauti yake ilimfanya mkwe atoke mbio na mwiko mkononi. "Hakutegi. Yule mzee hakutegi hata kidogo."

"Nani?"

"Anatuwekea vitu tutakavyohitaji. Siku ile ya betri, ulipokuwa unatoka ulisema nini?"

Mkwe alifikiri. "Nilisema... redio imekufa, nakwenda dukani." Akautazama mwavuli, kisha mlango wa chumba. "Na kandambili?"

"Kandambili sijui."

"Ile ilikatika ukanda," mkwe alisema polepole. "Nilikuwa nawaambia watoto nitakwenda kwa fundi viatu." Akakaa kwenye kiti cha karibu, mwiko mapajani. "Yallah, baba wa watu. Na mimi namnunia."

Binti Fyuzi alikwisha fungua kompyuta. Hakuyatazama maagizo ya mlevi. Alikwenda pale mashine ilipoitwa kabla ya kuyafikia, akaisoma kazi ile toka neno lake la kwanza. Kabla ya kufanya jambo lolote, mwitwa, yaani ile sehemu ya programu iliyoitwa, alichukua anwani ya mahali atakaporudi. Alikuwa ameuona mstari huo siku ile ya kwanza akaupita, akidhani ni uzembe wa mkono. Sasa aliufuata. Mwitwa alikwenda kwenye anwani ile si kwa kurudi bali kwa kuokota: namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zote. Na alipomaliza ndipo aliporudi, si pale alipoitwa, bali mbele, ng'ambo ya mzigo.

Kanuni haikuwa imekosea. Njia ilipita pale, ila mguu haukukanyaga.

Alikiambia kifumuzi kwamba kuanzia hapa mpaka hapa si maagizo, ni data. Ukurasa ukajipanga. Yaliyokuwa yamekaa upande yakakaa sawa mpaka mwisho, kama msuko uliofumuliwa ukaanzishwa upya penye njia. Na maneno ya mlevi yalikuwa namba zinazopanda taratibu kama ngazi: kihisi cha zamani kikisema hivi, oksijeni ni kiasi hiki. Namba ya mwisho, iliyokaa peke yake, ilikuwa kiwango ambacho chini yake king'ora lazima kilie. Ndiyo hiyo aliyoifunika kwa sifuri. Aliiambia mashine isilie mpaka hewa iishe kabisa duniani.

Chumbani fimbo iligonga tena. Alikwenda, akasimama mlangoni, mwavuli mkononi.

"Nimeuona, baba. Asante."

"Marahaba," Mzee alisema, na kwa mara ya kwanza jibu hilo halikuwa mahali pake, na hakuna aliyecheka.

*

Siku iliyofuata yeye na mhandisi walikaa bega kwa bega wakikionjesha kihisi kipya hewa za namna mbalimbali, nyepesi na nzito, na kuandika kilichosema. Mhandisi alikuwa na subira ya mvuvi wa ndoano. Alipokataa kipimo, walikirudia bila kununiana. Hawakubadili agizo hata moja la Mzee. Walitoa mzigo wa zamani mlangoni wakaweka mpya, urefu ule ule, na kiwango cha king'ora wakakiacha alivyokiweka yeye.

Asubuhi ya Ijumaa watu wa kubomoa walifika na gari lao, wakaegesha penye kivuli cha dobi. Mhandisi aliwaomba wangoje. Sista alishuka kutoka wodini na glavu mkononi. Oksijeni safi ikapulizwa, taa ya kijani ikawaka, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mhandisi akafungua dirisha, akakitoa kihisi nje.

King'ora kilipasua karakana. Mmoja wa wabomoaji aliangusha nyundo. Sista alitokwa na sauti iliyokuwa nusu kilio nusu kigelegele, akamshika Binti Fyuzi mkono, akauminya mpaka ukauma, na mhandisi akakiacha king'ora kilie muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza dua.

"Nisomee na mimi pale," alisema baada ya kukizima. "Pale mlangoni. Nataka nikifa mimi, apatikane wa kumweleza mwingine."

Alimsomea. Kisha wakawasha minara, mmoja, halafu kungoja kidogo, halafu wa pili. Psh. Psh.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mkwe alikuwa amemtoa Mzee nje na kumkalisha kwenye kiti barazani, na kwenye kizingiti cha mlango palikuwa na kikombe kitupu. Binti Fyuzi alikiokota, akakijaza chai, akatoka nacho akaketi karibu na baba yake, chini, kama alivyokuwa akiketi zamani.

"Mtambo unafanya kazi, baba."

"Ndiyo."

Walikaa. Joto lilikuwa likipanda kutoka sakafuni. Mzee alitazama mbele, mbali, na mdomo wake ukatafuta.

"Kuna baridi," akasema.

Mkwe, aliyekuwa mlangoni, aligeuka kwenda kuleta blanketi. Binti Fyuzi alimshika pindo la nguo akamzuia. Hakunyanyuka. Alikizungusha kikombe mkononi, akiogopa kidogo, kama aliyefika mwanzo wa njia asiyoijua.

"Wapi, baba?" akauliza. "Baridi ilikuwa wapi?"

Mzee aligeuka. Jicho la kushoto lilimtazama kwa muda mrefu sana.

"Kule," akasema. "Asubuhi. Hos... hospitali. Tunatoka."

"Wewe na nani?"

"Mama yako. Na koti. Langu, la kazi." Mkono mzima ulipanda, ukajikunja kifuani, ukabeba kitu kidogo kisichokuwepo. "Kuna baridi. Nikakuvika. Ukanyamaza."

Mkwe aliketi chini, palepale kizingitini. Chai ilikuwa ikipoa kwenye kikombe na hakuna aliyekumbuka kuinywa.

"Halafu?" Binti Fyuzi aliuliza.